Eka tatu za Pemba na mazao ya dawa: nipande nini, na nani atanunua?

Mjukuu wa Eka, Mtambwe

Assalamu alaykum. Naomba ushauri wa watu wanaolijua jambo hili kwa vitendo, kwa sababu uamuzi ninaotaka kuufanya ukishafanyika hautarekebishika kwa msimu mmoja.

Marehemu babu yangu alikuwa miongoni mwa waliopewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964. Alilitunza shamba hilo yeye, kisha baba, na tangu mwaka jana lipo mikononi mwangu. Ni shamba la karafuu kwa jina zaidi kuliko kwa mavuno. Mikarafuu iliyo hai ni thelathini na moja, nimeihesabu kwa kuifunga vipande vya kamba nisije nikauhesabu mmoja mara mbili, na mingine imekauka kuanzia nchani ikabaki imesimama kama nguzo. Nafasi zilizo wazi zina migomba, muhogo kidogo na magugu mengi. Upande wa chini shamba linateremka kwenye bonde la mpunga, na masika maji hutuama huko kwa siku kadhaa.

Mwezi uliopita alifika kijijini kwetu mfanyabiashara mmoja, tukakusanyika barazani, akatuambia kwamba karafuu imepitwa na wakati na kwamba fedha sasa ipo katika mazao ya dawa. Zao analolisifu ni artemisia, ambayo katika baadhi ya vitabu nimeona ikiitwa pakanga. Alisema kwamba majani yake ndiyo yanayotoa dawa ya malaria, kwamba dunia haitaacha kuugua malaria na kwa hiyo soko lake halifi, na kwamba yeye mwenyewe atanunua kila kilo tutakayovuna. Masharti yake ni kwamba mbegu tununue kwake na kulipa kabla, na shamba liwe jeupe, bila ya mti wa kivuli. Kwa eka tatu, bei ya mbegu aliyonitajia inakaribia thamani ya ng'ombe wetu wawili.

Mama hataki kuisikia habari hiyo. Anasema kama ni dawa, basi tupande manjano, tangawizi na mchaichai, ambazo hata mwizi akiziiba tutajua amekwenda kuziuza wapi. Nilicheka, lakini sikuwa na jawabu la kumpa. Kwa hiyo nauliza: je, artemisia inastawi Pemba? Je, ni busara kuiondoa mikarafuu iliyobaki? Na kama kuna zao la dawa linalofaa shamba kama hili, mkulima mdogo huliuza vipi na kwa sheria gani?


Bwana Shamba Mstaafu, Chake Chake

Waalaykumu salaam, mwanangu. Mama yako amesema kweli, na mimi nitajaribu kukueleza sababu ambazo yeye pengine hakuzitaja.

Artemisia asili yake ni China, na ni mmea unaofuata urefu wa mchana. Muda wote ambao mchana ni mrefu huendelea kurefuka na kutoa majani, na mchana unapopungua chini ya saa kumi na tatu hivi huacha kukua, ukaanza kutoa maua. Sasa sisi tupo kiasi cha digrii tano tu kusini ya Ikweta, na mchana wetu ni saa kumi na mbili kwa kuzidi au kupungua dakika chache, iwe kaskazi au kusi. Mche wa artemisia ukipandwa Mtambwe huhisi tangu wiki za mwanzo kwamba wakati wa maua umefika, na utakachopata ni mmea mfupi wenye majani haba, ilhali majani ndiyo zao lenyewe. Wanaoilima katika Afrika Mashariki huilima kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama vile Arusha na baadhi ya sehemu za Kenya, tena kwa mbegu chotara zilizochaguliwa kwa kuchelewa kutoa maua na kwa wingi wa kiini cha dawa. Mbegu za chotara hizo ukizivuna na kuzipanda tena, watoto hawafanani na wazazi.

Halafu kuna hilo la bei ya mbegu, ambalo limeniudhi. Mbegu ya artemisia ni ndogo kama vumbi, na gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000. Huoteshwa kitaluni kwanza, na mbegu za eka nzima zinaenea katika kijiko cha chai. Mwulize huyo bwana anakuuzia gramu ngapi, za aina gani, na majani ya mmea huo yalipimwa katika maabara gani. Mtu mwenye biashara ya kweli atafurahi kuulizwa maswali hayo.

Kuhusu soko lisilokufa, kiini cha artemisia, yaani artemisinini, kiliwahi kuuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 kwa kilo mnamo mwaka 2005. Wakulima wa China, Vietnam na Afrika Mashariki wakakimbilia kupanda, na ilipofika 2007 bei ilikuwa imeanguka chini ya dola 200. Baadaye wanasayansi wakagundua namna ya kukipata kwa kutumia hamira iliyobadilishwa vinasaba, bila ya kuhitaji shamba la artemisia. Waliotutangulia waliyaona mambo haya kwenye mti wa kinini, dawa ya malaria ya zamani. Wajerumani waliupanda Amani, kule Usambara, na Waholanzi waliupanda Java mpaka kisiwa hicho kikawa kinatoa sehemu kubwa kabisa ya kinini cha dunia. Vita vikaja, Wajapani wakaiteka Java mwaka 1942, na nchi zilizokosa kinini zikaegemea dawa zinazotengenezwa maabara. Mkulima wa mti wa kinini hakuwa na kosa lolote katika hayo, lakini gome lake halikurudi kuwa na thamani ile ile.

Mikarafuu yako usiiguse. Kwanza, mkarafuu haukatwi bila ya kibali, na eka za serikali zina masharti yake, kwa hiyo hata ile iliyokufa anza kwa kuwauliza wahusika wa kilimo katika wilaya yako kabla ya kupeleka shoka. Pili, unaulizia zao la dawa nawe umesimama chini ya mmoja wa miti ya dawa inayojulikana zaidi duniani. Karafuu kavu ina mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, kitu kile kile ambacho daktari wa meno hukichanganya na unga wa zinki anapoziba jino kwa muda na kulituliza. Hata makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, ambayo watoto huyachambua na kuyaweka pembeni, yana mafuta ya asilimia 5 hivi au zaidi kidogo. ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, hununua karafuu na makonyo, na kiwanda kilichopo Wawi hutoa mafuta kutokana na makonyo hayo pamoja na mimea mingine ya kunukia, mchaichai ukiwamo. Hiyo ni biashara ya dawa iliyokwisha kujengwa, tena ipo masafa mafupi kutoka kwako.

Ningekuwa mimi, ningezijaza nafasi zilizokufa kwa miche mipya ya mikarafuu, migomba nikaiacha iipe kivuli miaka ya mwanzo, na chini ya miti mikubwa nikapanda manjano na tangawizi, ambazo huvumilia kivuli cha kiasi. Mchaichai unataka jua kamili, kwa hiyo uweke ukingoni. Kule kunakotuama maji usipande chochote chenye tunguu, kwa sababu kitaoza, kuachie mpunga.

Mdalasini nao ni mzuri, ila watu wengi hapa wanauua. Hubandua gome kwenye shina la mti uliosimama, mti ukafa. Mdalasini hukatwa karibu na ardhi ukishafika miaka miwili au mitatu, ukaachwa uchipue fito nyingi, na fito hizo ndizo zinazobanduliwa, wakati wa mvua ambapo gome huachia kwa urahisi. Ukiutunza hivyo utawarithisha wajukuu.


Mama wa Manjano, Mkoani

Kaka Mjukuu wa Eka, mimi nitazungumza juu ya manjano, kwa sababu ndiyo yaliyonifunza, na yalinifunza kwa hasara.

Mwaka wa kwanza nilipanda pamoja na mvua za masika kwenye matuta chini ya mikarafuu, kama alivyoeleza mzee, na yaliota vizuri mpaka majirani wakawa wanakuja kuyatazama. Manjano hukaa ardhini miezi minane au tisa, na dalili ya kukomaa ni majani kugeuka rangi na kukauka yenyewe. Mimi sikusubiri. Binti yangu alikuwa anaolewa, fedha ilihitajika, nikachimba mwezi wa Novemba majani yakiwa bado mabichi, na vuli ikanikuta na majamvi sita ya manjano uwanjani. Kila wingu likitokea tulikuwa tunakimbia kuyaingiza ndani, jua likitoka tunayatoa. Nje yalionekana makavu. Nikayatia katika magunia ya nailoni, nikayafunga, nikayapanga jikoni. Baada ya wiki tatu alikuja mnunuzi, akafungua gunia, akatoa kidole kimoja cha manjano, akakivunja, akakitazama ndani, akakirudisha gunini na kuaga. Hakuzozana nami hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Nilipomimina gunia nikaona ukungu wa kijani umeshika kila palipokuwa na kovu la jembe. Yote tuliyatupa, kwa sababu ukungu wa namna hiyo unaweza kuleta sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika.

Sasa huchimba mwezi wa Januari au Februari, wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na mvua zikiwa mbali. Nayaosha siku ile ile, natenga tunguu mama kwa ajili ya mbegu, kisha vidole navichemsha kwenye sufuria kubwa kwa muda wa dakika arobaini na tano hadi saa moja, mpaka povu lipande na harufu yake ijae uwanja mzima, na kijiti kiingie bila ya kulazimisha. Kuchemsha kunasaidia yakauke kwa pamoja na rangi ienee. Baada ya hapo ni kuanika juu ya jamvi lililonyanyuliwa kwenye kitanda cha miti, si juu ya mchanga wala pembeni mwa barabara, kwa siku kumi hadi kumi na tano. Kipimo changu cha ukavu ni sikio: kidole kilichokauka kikivunjwa hulia kama kigae, na ndani hung'aa rangi ya chungwa iliyokoza. Kikipinda kabla ya kuvunjika, kirudishe juani. Kucha zangu hubaki za manjano mpaka Ramadhani, lakini tangu nianze kufanya hivyo hakuna mnunuzi aliyefungua gunia langu akaondoka.

Katika hesabu zako kumbuka kwamba kilo mia za manjano mabichi hutoa kilo ishirini hivi zilizokauka. Watu wengi hupiga bei ya manjano makavu kwa uzito wa mabichi, wakajiona matajiri kabla ya kuvuna.

Kuhusu mchaichai, nilipanda nusu eka baada ya kuahidiwa na mnunuzi mmoja wa mafuta ambaye sitamtaja. Alikuja kutuonesha picha za mitambo, akaandika majina yetu kwenye daftari, na hatukumwona tena. Mchaichai hukatwa mara ya kwanza baada ya miezi minne hadi sita, kisha kila baada ya miezi miwili au mitatu, na usipoukata unakuwa mgumu na harufu yake inapungua. Kilo mia za majani mabichi haziwezi kukupa zaidi ya nusu kilo ya mafuta, na mara nyingi ni chini ya hapo, kwa hiyo ukiyapakia majani kwenye gari kuyapeleka mbali unalipia usafiri wa maji matupu. Kabla hujaupanda kwa wingi, nenda kiwandani wewe mwenyewe uulize wanachukua kiasi gani na wakati gani. Mimi wangu sasa naukata vipande, naukausha kivulini ubaki na rangi yake ya kijani, na kuwauzia watu wa chai na viungo. Haunipi utajiri, ila unanunua sukari na mafuta ya taa.


Mfamasia wa Mjini, Unguja

Nawashukuru waliotangulia. Mimi nitaongeza upande wa dawa, kwa kuwa naona katika swali kuna mambo mawili yaliyochanganywa: mmea wenye dawa ndani yake, na dawa yenyewe.

Mmea mmoja unaweza kuwa na kiini kingi katika shamba hili na kidogo katika shamba la jirani, kulingana na mbegu, udongo, umri wa jani siku lilipochumwa na namna lilivyokaushwa. Kwa kiungo cha pilau tofauti hiyo si kitu. Kwa dawa ya moyo kama digoksini, ambayo hutolewa kwenye majani ya mmea wa Ulaya uitwao dijitalisi, kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru vimekaribiana sana, na ndiyo maana kiwanda hupima kila mzigo wa majani kabla ya kulipa. Mfano wa karibu zaidi ni lile ua dogo lenye petali tano, jeupe au la rangi ya waridi, linaloota hata kwenye mchanga mtupu wa pwani yetu, ambalo kitaalamu huitwa Catharanthus roseus. Asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, na ndani yake mna vinblastini na vinkristini, dawa zinazotumika hadi leo kutibu saratani ya damu na nyinginezo. Hata hivyo, gramu moja ya kiini hicho hutolewa katika mamia ya kilo za majani makavu, kwa mitambo na wakemia, na anayelichemsha ua hilo nyumbani anakunywa sumu. Mkulima wa mazao ya namna hiyo hawezi kufanya lolote bila ya kiwanda kilichofunga naye mkataba.

Juu ya artemisia, nina neno zito kidogo. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto ya malaria mwaka 2003, baada ya klorokwini kushindwa kutibu, na dawa mseto, pamoja na vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, ndizo zilizoifanya malaria ipungue hapa mpaka watoto wa leo wengi hawaijui kama tulivyoijua sisi. Moja ya dawa mbili zilizomo katika mseto huo hutokana na artemisia, na hapo ndipo watu wanapopata fikra kwamba kunywa chai ya majani yake ni sawa na kunywa dawa. Si sawa. Artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na moto unaweza kuiharibu. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo, alihangaika kwa kuchemsha majani bila ya mafanikio ya kutegemewa, mpaka aliporudi kwenye maandishi ya tabibu wa kale wa Kichina, Ge Hong, aliyeelekeza kwamba majani yalowekwe katika maji na kukamuliwa, bila ya kutajwa moto. Hapo akaacha maji ya moto, akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwa joto dogo, na mwaka 1972 kiini kikapatikana. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kutumia majani ya artemisia, kwa chai wala kwa vidonge vya majani, kutibu au kuzuia malaria, kwa sababu kiini kidogo kinachoingia mwilini huenda kisimponye mgonjwa, na kinaweza kuwazoesha vijidudu kuishinda dawa tunayoitegemea. Ikiwa huyo mfanyabiashara atakosa wa kumuuzia kiwandani, majani yenu yataishia kuuzwa kama chai ya malaria, na jambo hilo nisingependa litoke Mtambwe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kibiashara ni kuuza viungo na majani ya chai vilivyo safi, na usiandike juu ya pakiti kwamba vinatibu ugonjwa wowote. Ukiandika tu kwamba kinatibu, bidhaa yako inatoka katika chakula na kuingia katika dawa, na utatakiwa kupita kwa Wakala wa Chakula na Dawa, au kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kutegemea unachokiuza. Si vizuizi vya bure, kwa sababu nimeona pakiti za "dawa ya sukari" zenye majani ambayo muuzaji mwenyewe hakuyajua.

Manjano uyauze yakiwa vidole vizima, usiyasage. Katika baadhi ya nchi za Asia iligunduliwa kwamba manjano ya unga yalitiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na tangu hapo mnunuzi makini hupenda kuona kidole kizima akivunje mwenyewe, kama alivyofanya yule mnunuzi wa Bi Mkoani. Na mdalasini wetu una sifa ambayo watu wetu hawaitumii: ni wa aina ya Ceylon, wenye kumarini kidogo sana, ilhali ule mnene unaotoka nchi nyingine za Asia una kumarini nyingi, ambayo ikizidi inaweza kuliathiri ini. Mwenye mdalasini wa namna yetu ana haki ya kudai bei iliyo bora.


Mtoto wa Mganga, Micheweni

Kwa heshima zote kwa mfamasia, naomba soko la tiba asili lisisahauliwe, kwa sababu yote yaliyosemwa juu yanamtazama mnunuzi wa mbali. Ukipita Darajani, soko la mjini Unguja, utakuta meza zimejaa magome, mizizi na majani, na kila siku kuna mtu anayenunua. Marehemu baba aliishi kwa kazi hiyo miaka arobaini. Tatizo ninaloliona ni kwamba karibu mizizi yote hiyo inachimbwa porini, na mzizi ukichimbwa mti umekwisha. Baba alikuwa anakata mzizi mmoja wa upande na kufukia, na hakurudi kwenye mti huo mpaka mwaka upite. Vijana wa sasa wanang'oa mti mzima na kutia katika pakacha, na huwaambii kitu. Msitu wa Ngezi umehifadhiwa, huko huruhusiwi kuchimba, na vichaka vya nje vinakwisha.

Ndugu yangu wa Mtambwe, mipaka ya eka zako ina nafasi. Panda mkunazi, ambao majani yake hutafutwa kila mtaa unapofikwa na msiba. Panda kivumbasi na mrehani karibu na nyumba. Mwarobaini unaota wenyewe, ila mwaka wa kwanza umwagilie. Havitakuletea fedha ya karafuu, lakini huhitaji kumwomba mtu mbegu wala kusubiri gari la mnunuzi.

Katika hilo la kipimo nakubaliana na mfamasia. Baba hakuwahi kumpa mtoto mchanga mwarobaini wa kunywa, hata mama wa mtoto akilia mbele yake, na mafuta ya mwarobaini aliyaweka juu ya kabati pamoja na mafuta ya taa.


Mfamasia wa Mjini, Unguja

Marehemu baba yako aliyaweka mahali pake. Mafuta ya mwarobaini yaliyonyweshwa watoto wachanga yamewahi kuleta madhara makubwa ya ini na ubongo. Na rai yako ya kupanda miti ya tiba badala ya kuichimba msituni naiunga mkono bila ya sharti.


Mjukuu wa Eka, Mtambwe

Nawashukuru nyote, na wewe mzee wangu wa Chake hasa. Nilikwenda kumwona yule mfanyabiashara kwa mara ya pili nikamuuliza maswali matatu mliyonipa. La gramu alijibu kwamba mbegu zinauzwa kwa pakiti, hazipimwi. La aina ya mbegu alisema ni "mbegu ya kisasa." La maabara alinitazama, akaniuliza nani amenifundisha maneno hayo. Sikumjibu, nikaaga.

Ng'ombe wamebaki zizini. Nimeweka alama kwenye nafasi kumi na nane zinazohitaji miche ya mikarafuu, na nitaiomba miche hiyo kabla ya masika. Matuta mawili marefu chini ya mikarafuu ya juu nimekwisha kuyalima kwa ajili ya manjano, na mama ndiye aliyepima nafasi kati ya tuta na tuta, kwa hatua zake mwenyewe, wala hakutaka kusaidiwa. Kilichobaki ni mbegu. Bi Mkoani, je, umesema tunguu mama unazitenga, huwa unaziuza?


Mama wa Manjano, Mkoani

Nauza kidogo, kwa wanaokuja wenyewe. Njoo kabla ya mvua kubwa kuanza, nazo zikiwa bado hazijachipua marefu, kwa sababu chipukizi likishavuka kidole cha mkono hukatika njiani. Uje na pakacha, usije na gunia la nailoni.